Vitabu vya Kibudha vya Madam Ghati

Madam Ghati alikuwa mwoga na hakuwahi kulificha hilo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa wa watu, aliogopa kupakiwa kwenye pikipiki barabara ikiwa na utelezi. Lakini kuliko vyote aliogopa watu wanaokuja wengi huku wamenyamaza.

Alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake, Mkurya wa Tarime, alifanya kazi ya ulinzi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Usukumani. Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi bibi mmoja mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na si kwa uchawi kama watu walivyonong'ona. Jumamosi moja asubuhi watu walimwendea. Hawakupiga kelele. Ghati aliwaona wakipita mbele ya mlango, wengine akiwajua kwa majina, mmoja akiwa ndiye aliyewafundisha watoto nyimbo kanisani. Mama yake alimvuta ndani akamziba masikio kwa viganja. Alipotoka jioni, paa la bibi lilikuwa limeshaanguka, na ndoo yake ya maji ilikuwa bado imesimama mlangoni, imejaa.

Tangu siku hiyo Ghati alijua kitu ambacho watu wengi hawakijui mpaka wakipate: kwamba uvumi hauna haja ya kuwa kweli, unahitaji tu mtu wa kumwangukia.

Mwaka 2011 alimaliza chuo na serikali ikampangia Kibondo, shule moja ya kata upande wa Kitahana, afundishe historia. Alipewa nusu ya nyumba ya walimu; nusu nyingine alikaa Mwalimu Zuhra wa biolojia, mwenyeji wa Kigoma mjini, mcheshi na mwepesi wa kusema. Kwa watu wa kijijini Ghati alikuwa mgeni kabisa. Kiha hakukijua zaidi ya salamu, na jina lake liliwachekesha watoto. Hakuwa na ndugu hata mmoja mkoa mzima.

Vitabu alivipata Kasulu, Februari 2013, alipokwenda semina ya walimu wa historia. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imefungwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na wageni waliokuwa wakifanya kazi kule walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, wanauza vitanda, majiko na feni. Duka la Saady, karibu na soko, lilijaa vitu hivyo. Ghati aliingia kutafuta taa ya sola akaona boksi chini ya meza.

"Hivyo ni vya fundi wa maji, Msrilanka," Saady alimwambia. "Nilinunua kabati, vitabu vikaja ndani yake. Nilimpigia simu, akasema mpe anayesoma. Wewe unasoma?"

"Nafundisha historia."

"Basi chukua, mwalimu. Hapa vitaliwa na mchwa."

Vilikuwa saba, vya Kiingereza, vya kujifunzia: historia ya Ubudha tangu India ya kale, maisha ya watawa, sanaa na mahekalu, namna dini ile ilivyosambaa mpaka Uchina na Japani, na jamii za Wabudha wa siku hizi huko Sri Lanka, Burma na Thailandi. Vilikuwa na ramani na picha za rangi, na pembeni mwa kurasa fundi yule alikuwa ameandika kwa penseli herufi za kwao, za mviringo, kama mbegu zilizopangwa.

Kabati la vitabu la shule lilikuwa na vya mtihani tu. Kwa hiyo Ghati alianzisha kipindi cha kusoma, Jumatano baada ya masomo, kwa kidato cha pili. Alisoma aya, akaigeuza Kiswahili, na wanafunzi wakauliza. Walimuuliza kwa nini mwana wa mfalme aliacha nyumba yenye chakula. Walimuuliza kama watawa wanaopita asubuhi na bakuli bila kusema neno hawaonekani wavivu kwa majirani. Walipenda habari za yule mfalme aliyeshinda vita kisha akajutia waliokufa, akaamuru majuto yake yachongwe kwenye mawe njiani. Kijana mmoja alisema hajawahi kusikia kiongozi akijuta kwa maandishi, darasa zima likacheka. Zilikuwa Jumatano nzuri. Ghati hakuogopa kitu.

Lakini huo ndio ulikuwa wakati wa habari za Frimasoni, watu wa chama cha siri. Nchi nzima ilikuwa inazizungumza, kwenye simu, kwenye mabasi, saluni. Msanii akipata gari, Frimasoni. Mtoto akifa ghafla, katolewa kafara. Watu walijifunza kutafuta alama kwenye noti, kwenye chupa za soda, kwenye pete. Na kitabu kimoja cha Ghati, kile cha sanaa, kilikuwa na picha ya nyayo mbili za jiwe kwenye jalada, na kwenye kila kidole cha nyayo zile kulikuwa na alama ya msalaba uliokunjwa ncha. Kwa Wabudha alama ile ni ya heri, ya kale mno. Ghati aliwaeleza darasa. Wengine walisikia. Wengine walipeleka nyumbani picha bila maelezo.

Jumatano ya pili ya Machi waliisoma habari ya kifo cha Budha. Ghati alifungua ukurasa wenye picha kubwa ya sanamu iliyolala: mtu amelala ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu, miguu imelingana, macho yamefumba, na pembeni wanafunzi wake wamemzunguka. Akakipitisha kitabu dawati kwa dawati. Kilipofika kwa Skolastika, msichana wa mstari wa tatu, hakikupita tena. Alikishika, akakitazama, kisha akapiga yowe ambalo Ghati hakuwahi kusikia likitoka kwa mwanafunzi.

"Mwinueni! Mwinueni, ananilalia!"

Alianguka kati ya madawati, akawa anakwangua sakafu. Rafiki yake alimshika, naye akaanza kutetemeka. Kabla Ghati hajaweza kusogea, wasichana sita walikuwa chini, na madirishani wasichana wa madarasa mengine walikuwa wanalia bila kujua wanalia nini. Mpaka jua linatua walikuwa kumi na wanne. Mchungaji aliitwa, na shehe akaitwa, kila mmoja na kona yake ya uwanja. Wazazi walikuja wakawabeba mabinti zao mgongoni. Hakuna aliyemsemesha Ghati. Walipita mbele yake wamenyamaza.

Mkuu wa shule, Mwalimu Melkiadi, alimwita ofisini asubuhi iliyofuata. Alikuwa mtu mpole aliyekaribia kustaafu, na alitaka kustaafu kwa amani.

"Mwalimu, hivyo vitabu vina nini?"

"Historia, Mkuu. Ni dini ya watu, ina zaidi ya miaka elfu mbili."

"Mimi nakuamini. Nimesoma seminari, najua Budha ni nani. Lakini mimi ni mtu mmoja." Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Kesho naenda Kibondo, halmashauri, niwaeleze kabla hawajaelezwa na wengine. Wewe kaa ndani. Usifundishe. Na hivyo vitabu, sitaki kujua viko wapi."

Ghati alirudi nyumbani. Alifunga mlango kwa komeo, akasogeza meza mlangoni. Boksi lilikuwa chini ya kitanda. Aliketi akilitazama kama mtu anavyotazama nyoka aliyeingia uvunguni. Alisikia wanawake wakipita njiani wakizungumza Kiha, na katikati ya maneno asiyoyaelewa akasikia neno moja alilolielewa, Frimasoni, kisha jina lake.

Mchana alifanya jambo ambalo baadaye lilimuumiza kuliko yote. Alitoa kile kitabu chenye nyayo kwenye jalada akaenda nacho jikoni. Alikichana jalada kwanza, akalitia motoni. Karatasi ya kung'aa haikutaka kuwaka. Ilijikunja, ikawa nyeusi pembeni, ikatoa moshi mzito wenye harufu ya gundi. Ikambidi achane kurasa mojamoja: mahekalu, mapango yenye michoro, mwanamke akiweka ua mbele ya sanamu, herufi za penseli za yule fundi. Aliungua kidole. Alijisemea kwamba ni kitabu tu. Alipomaliza aligundua analia, na hofu haikupungua hata kidogo.

Zuhra alitokea mlangoni mwa jiko ameshika pua. "Unachoma nini, dada?"

"Takataka."

Zuhra alitazama majivu, akaona kipande cha picha. Uso ulimbadilika. "Umefanya nini, Ghati? Moshi huu umeonekana mpaka kisimani. Sasa watasema unaficha ushahidi."

Na ndivyo walivyosema.

Ijumaa, saa tisa alasiri, mvua ikiwa imekatika, walikuja. Ghati aliwaona kupitia tundu la pazia: watu thelathini hivi, wanaume na wanawake, wametoka mashambani na matope miguuni. Mbele yao alitembea Venanti, baba yake Skolastika, mtu mrefu mwenye mashavu yaliyoingia ndani. Alikuwa na panga. Wengi walikuwa na mapanga, kwa maana huko mtu haendi shamba bila panga, lakini Ghati hakuweza kuyafikiria hivyo. Alichofikiria ni kwamba hawapigi kelele.

Aliingia kwenye chumba kidogo alimohifadhi mahindi, akachuchumaa nyuma ya gunia. Alijaribu kusali na hakukumbuka neno lolote ila jina la mama yake. Nje alisikia sauti ya Zuhra, ya juu kuliko kawaida.

"Karibuni. Madam Ghati hayupo, ameenda Kibondo na mkuu."

"Mkuu amepita peke yake," alijibu mwanamume. "Tumemwona."

"Jamani, nawaambia hayupo."

Jiwe lilipiga bati, likabiringika, likaanguka. Kisha la pili. Ghati akasikia mtu akisema, "Msogezeni pembeni huyo," na Zuhra akilalamika, "Usinishike! Usinivute!"

Mpaka leo Ghati hajui alisimamaje. Anasema hakuwa na ujasiri wowote. Anasema ni ile sauti ya Zuhra tu, kwa sababu Zuhra hakuwahi kulalamika kwa kitu chochote. Alitoka nyuma ya gunia, akaenda chumbani, akavuta boksi, akachukua kitabu chenye picha ya aliyelala. Meza aliyoisogeza mlangoni ilimshinda kuirudisha, kwa hiyo ilimbidi apenye ubavu. Alitoka barazani na unga wa mahindi kwenye magoti.

Watu walisogea nyuma hatua moja. Walikuwa wanamwogopa, na hilo likamtisha zaidi.

"Baba Skolastika," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtoto. "Kitabu ni hiki."

"Kichomeni!" alipaza sauti mtu nyuma. "Kichomwe pamoja na nyumba!"

Venanti hakugeuka. "Nionyeshe alichokiona mwanangu."

Ghati alifungua, lakini vidole havikumtii. Alipita ukurasa, akarudi, akaupita tena. Venanti alichomeka panga ardhini, akakipokea kitabu kwa mikono miwili, akakiegemeza tumboni. Aliinamia ile picha.

"Huyu ni nani?"

"Ni Budha. Ni mwalimu wa zamani, wa India. Hii ni sanamu ya siku aliyokufa."

"Amekufa hapa?"

"Ndiyo, baba. Amelala chini ya miti, njiani. Hao pembeni ni wanafunzi wake."

"Hawa wanalia."

"Wengine wanalia. Wengine wamejikaza."

Venanti aligusa mkono wa ile sanamu, pale ulipokuwa chini ya shavu. Kidole chake kilikuwa na udongo, kikaacha alama. "Reverien walituletea hivi," alisema, na hakusema kwa Ghati. "Ubavu huu huu. Mkono ulikuwa umekaukia hapa, tukashindwa kuunyoosha."

Mwanamke mmoja kati ya waliokuja alijishika kichwa akakaa chini kwenye matope. Ghati alikumbuka ndipo, na alijilaumu kwa kuchelewa kukumbuka: Novemba iliyopita Skolastika alikuwa ameomba ruhusa wiki moja, kaka yake, Reverien, amekufa kwa ajali ya pikipiki barabara ya Kakonko. Alirudi darasani na hakusema kitu. Wala yeye Ghati hakumwuliza kitu.

"Huyu mwalimu alikufa na nini?" Venanti aliuliza.

"Chakula kilimdhuru. Alikuwa mzee wa miaka themanini. Alikula kwa mhunzi mmoja aliyemkaribisha, akaumwa."

"Na huyo mhunzi, walimfanya nini?"

Aliona wote wanasikiliza, hata yule aliyetaka nyumba ichomwe. "Hawakumfanya kitu. Budha kabla hajafa alituma neno, asilaumiwe mtu yule wala asijilaumu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati. "Mhunzi wetu sisi yuko Kakonko," Venanti alisema mwishowe. "Aliyekuwa anaendesha pikipiki. Alitoka mzima." Alikifunga kitabu. "Hiki naondoka nacho."

"Venanti, kichome!" mtu alisema.

"Aliyeanguka ni mwanangu. Kitabu kiko kwangu. Aliye na neno anifuate nyumbani."

Aling'oa panga lake, akamsaidia yule mwanamke kuinuka, maana alikuwa mkewe, wakaondoka. Wengine walibaki wakitazamana. Waliondoka wawili wawili, wakinung'unika, na wa mwisho akarusha jiwe lililovunja kioo cha dirisha la Zuhra.

Ghati hakulala siku hiyo wala iliyofuata. Alifunga nguo zake kwenye begi akalifungua, akazifunga tena. Kila hatua njiani ilimsimamisha. Zuhra alimletea uji, akamlazimisha anywe, akasema kwa hasira, "Kioo changu utalipa wewe na Budha wako," kisha wote wawili wakacheka kicheko kibaya kisichosimama, mpaka wakaishia kushikana na kulia.

Jumatatu Venanti alikuja shuleni na Skolastika. Mwalimu Melkiadi aliwakalisha ofisini, akamwita Ghati. Kitabu kilikuwa kimefungwa kwenye kitenge. Skolastika alitazama sakafu.

"Sema," baba yake alimwambia kwa upole.

"Nilimwona kaka, madam. Nilidhani amenifuata. Nyumbani tuliambiwa tusimtaje, mama anaumwa presha."

"Mimi ndiye niliyesema asitajwe," Venanti alisema. "Tulizika haraka, mvua inanyesha, na mimi nilikuwa na hasira na yule kijana wa Kakonko. Juzi tulikifungua kitabu na mama yake. Tulilia mpaka majirani wakaja, wakadhani tumefiwa tena." "Mwalimu, wale wanafunzi, baada ya kuzika walifanya nini?"

Ghati alimweleza kwamba hawakuzika, walichoma mwili kwa heshima kama desturi yao. Kisha wakakutana mamia kwa mamia mahali pamoja, mmoja akakumbuka maneno ya mwalimu wao na kuyasema kwa sauti, na wengine wakayarudia pamoja ili yasipotee, maana hayakuwa yameandikwa. Yalikaa vinywani mwa watu miaka mingi kabla ya kuandikwa kwenye majani ya mitende.

"Kwa hiyo walimtaja," Venanti alisema.

"Walimtaja, baba."

Venanti alitikisa kichwa kukubali, akakiacha kitabu mezani. Hakuomba radhi kwa siku ile ya Ijumaa, na Ghati hakuitegemea.

Mambo hayakuisha vizuri kama masimulizi haya yanavyoweza kumfanya mtu adhani. Wasichana wengine wanne waliendelea kuanguka mpaka Aprili. Watu wa halmashauri walikuja, wakauliza maswali mengi na kuandika machache, wakasema kipindi cha Jumatano kisimame. Wapo wazazi waliohamisha watoto, na duka moja la kijijini halikumuuzia Ghati chumvi mwaka mzima. Vitabu sita vilifungiwa kwenye kabati la mkuu, na mkuu akaweka ufunguo mfukoni. Kuhusu cha saba Ghati alisema kimepotea.

Kama Venanti alikwenda Kakonko, na kwa lipi, hakuna aliyemwambia.

Mwishoni mwa 2014 alipata uhamisho kwenda Kasulu mjini. Mwalimu Melkiadi, akiwa amebakiza miezi miwili astaafu, alimpa lile boksi. Kasulu ilikuwa na watu wengi na aliona ni rahisi zaidi kutojulikana. Alimweleza Saady habari yote, pamoja na ya kitabu alichokichoma. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Saady, aliyekuwa ameanza kucheka kwa habari ya Zuhra na kioo, aliacha.

"Namba ya fundi yule bado ninayo," alisema. "Nimpigie umwambie?"

"Bado, kaka Saady. Naogopa."

Novemba 2015 Skolastika alimaliza kidato cha nne. Alipita Kasulu akielekea kwa shangazi yake Kigoma, akamtafuta madam wake, wakakaa kwenye mgahawa wa stendi wakanywa chai. Mji ulikuwa umejaa mabasi yaliyoleta wakimbizi kutoka Burundi, na kila basi liliposimama na watu kushuka kimya na mizigo vichwani, Ghati aliacha kuzungumza mpaka wapite.

"Bado unaogopa, madam," Skolastika alisema.

"Bado. Na wewe?"

Msichana alizungusha kikombe chake. Alisema sasa nyumbani wanamtaja Reverien, na mama anahadithia mpaka vituko vyake vya utotoni. Alisema anataka kusomea ualimu, wa historia kama akipangiwa.

"Lakini ile picha, madam, bado siipendi."

"Hata mimi," Ghati alisema. "Nikikifungua kile kitabu naanzia mbele, nikiukaribia ule ukurasa nakifunga."

Utingo wa basi la Kigoma alianza kuita abiria. Walisimama, Ghati akamshikia begi mpaka mlangoni mwa basi.